Ugonjwa Husafiri na Mtu, Siyo na Simu

(Hotuba iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wahudumu wa afya ya jamii, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, ili hata wale ambao hawakufika waisome na kuijadili katika vikundi vyao.)

Tunajua ya kwamba huu ni wakati wa palizi na kila mmoja ameacha jembe mahali fulani.

Kabla hatujaanza, tunaomba kila mtu atoe simu yake aiweke magotini. Ya kupangusa itoke, ya mulika mwizi nayo itoke. Haya. Tunaona karibu kila mtu anayo. Mama mmoja pale nyuma anasema yake imeenda na kijana wake Kisumu. Asante mama, tutarudi kwako, kwa sababu neno ulilosema ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Kifaa hicho kilicho magotini mwetu kinajua tulipo. Siku hizi wataalamu wa afya wanatumia habari hiyo kufuata njia za magonjwa ya kuambukiza: malaria, kipindupindu, Korona. Kuna wanaosema ni jambo la kuokoa maisha. Kuna wanaosema ni upelelezi mtupu. Sisi hatukuja hapa kushabikia upande. Tutafuata njia yetu ya siku zote: kuona, kuamua, kutenda.

KUONA

Simu inajuaje tulipo?

Tuanze na jambo lililo rahisi. Simu yoyote, hata ile ndogo kabisa, haiwezi kufanya kazi bila kuongea na mnara, ule tunaouita busta. Ukipiga simu au ukituma ujumbe, kampuni inaandika: laini fulani, saa fulani, kupitia mnara fulani. Inaandika hivyo ili ijue pesa za kukutoza. Sasa, ukipiga asubuhi ukiwa Kisumu na jioni ukapiga ukiwa Nakuru, minara miwili tofauti imekuandika. Mtu akizipanga kumbukumbu hizo ataona umesafiri. Hajui ulifuata nini. Anajua tu ya kwamba laini ilitoka hapa ikafika pale.

Mnara hausemi mahali hasa. Mjini minara imekaribiana, lakini huku mashambani mnara mmoja unaweza kutumikia vijiji vingi. Simu ya kupangusa imepita hapo. Ndani yake mna chombo cha GPS kinachosikiliza setilaiti zilizo juu angani, na kinaweza kuonyesha ulipo kwa umbali wa mita chache tu. Tuseme hivi: mnara unajua kata, setilaiti inajua mlango. Na programu nyingi tunazoweka kwenye simu hizo huomba ruhusa ya kujua mahali tulipo. Sisi huwa tunabonyeza "kubali" upesi upesi, maana tunataka kuona picha za harusi.

Malaria na safari zetu

Mfano wa kwanza ni wa hapa hapa Kenya, na wengi wetu tumo ndani yake bila kujua. Kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, zilikusanywa kumbukumbu za laini karibu milioni 15, zikiwa zimepitia minara 11,920. Namba zilifichwa ili mtu asijulikane. Wataalamu wa Marekani, mmoja wao akiwa Caroline Buckee wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na Abdisalan Noor na Robert Snow waliokuwa wakifanya utafiti kule Nairobi, walizilinganisha safari hizo na ramani ya malaria ya nchi. Matokeo yalichapishwa mwezi wa Oktoba 2012 katika jarida la Science.

Waliona nini? Waliona ya kwamba njia moja kubwa ya vimelea vya malaria inaanzia huku kwetu, upande wa Ziwa Victoria, na kuelekea Nairobi. Nairobi iko juu, ina baridi, na malaria haienei sana huko. Wengi wanaokutwa na malaria huko wameibeba kutoka mahali pengine. Jambo hilo tukilifikiria ni la kawaida kabisa. Mbu mwenyewe huruka kilomita chache tu. Lakini mtu anakuja matanga, analala siku nne bila neti, anaumwa na mbu, anapanda basi la usiku na asubuhi yuko Nairobi. Wiki mbili baadaye anashikwa na homa. Daktari wa huko asipomuuliza alikotoka, atatafuta ugonjwa mwingine.

Karibu na Kericho kulikuwa na mnara uliowashangaza wataalamu hao. Watu waliopiga simu kupitia mnara huo walisafiri mara 16 zaidi ya wastani wa eneo lile. Tena walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kwenda sehemu ya kaskazini-mashariki ya ziwa, ambako malaria ni nyingi. Kumbe hapo pana shamba la chai, na hao walikuwa wafanyakazi wanaokwenda na kurudi. Fundisho lake ni hili: ukipiga dawa ya mbu pale Kericho peke yake, unafagia nyumba huku mlango ukiwa wazi na upepo unavuma. Ni lazima ufike kule ambako vimelea vinatoka. Habari kama hiyo inaweza kusaidia kuamua neti ziende wapi, dawa ziende wapi, na pesa kidogo zilizopo zitumike wapi.

Haiti, mwaka wa 2010

Mfano wa pili unatoka Haiti, nchi maskini ya visiwa vya Karibi. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa mji mkuu wa Port-au-Prince. Watu walikimbia kila upande, na wenye kupeleka chakula na mahema hawakujua watu wako wapi. Mtaalamu wa Uswidi, Linus Bengtsson, na wenzake walipata kumbukumbu za laini milioni 1.9 kutoka kampuni ya simu ya huko. Wakakadiria ya kwamba watu 630,000 waliokuwa mjini siku ya tetemeko walikuwa wameondoka ilipofika siku ya 19. Wakaonyesha na mikoa waliyokwenda.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kipindupindu kikaingia. Safari hii wataalamu walifuata laini zilizotoka sehemu ya Saint-Marc, ambako ugonjwa ulikuwa mkali, na wakatoa ripoti ndani ya saa 12 baada ya kupata kumbukumbu. Ninyi mliowahi kuuguza mtu wa kipindupindu mnajua saa 12 ni nini. Ni tofauti ya kupeleka maji safi na dawa ya kuharisha kabla watu hawajaugua, au kupeleka majeneza.

Katika mifano hii miwili, tuangalie jambo moja kwa makini. Hakuna mtu aliyetafutwa kwa jina. Watu walihesabiwa kama umati, na kilichotafutwa ni njia ya ugonjwa.

Korea na Singapore

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa Korona ulipofika Korea Kusini, serikali ilikuwa na sheria iliyotengenezwa baada ya ugonjwa mwingine wa mapafu wa mwaka wa 2015. Sheria hiyo iliwaruhusu maofisa kuchukua habari za simu ya mgonjwa, kadi yake ya benki na picha za kamera za barabarani. Kisha wananchi walitumiwa ujumbe kwenye simu: mwanamume au mwanamke, wa umri fulani, alipita duka hili, hoteli ile. Jina halikuandikwa. Lakini majirani na wafanyakazi wenzake walijua ni nani, na watu wakaanza kuchekwa na kusemwa. Mwezi wa Machi 2020 tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilionya ya kwamba mambo mengi mno yanatangazwa, na utaratibu ukabadilishwa.

Mwezi wa Mei ugonjwa ulizuka katika vilabu vya usiku vya mtaa wa Itaewon mjini Seoul. Serikali ikachukua kutoka kampuni za simu namba za watu zaidi ya 10,000 waliokuwa karibu na mahali pale. Wengi wao walikuwa watu ambao huko hubaguliwa, wakaogopa ya kwamba wakijitokeza watafukuzwa kazi na kukataliwa na jamaa zao. Basi mji ukafanya jambo la busara. Uliruhusu watu wapimwe bila kutaja jina, namba ya simu tu. Idadi ya waliokuja kupimwa ikapanda. Tulishike hilo vizuri: jina lilipoondolewa, watu walikuja.

Nchini Singapore serikali ilitoa programu ya simu mwezi wa Machi 2020 iliyokumbuka ni simu gani zilikaribiana. Wananchi waliambiwa itatumika kwa kazi ya ugonjwa tu. Mwezi wa Januari 2021 bunge likaambiwa ya kwamba polisi nao wanaweza kuitumia katika upelelezi wao, na tayari walikuwa wamefanya hivyo katika kesi moja ya mauaji. Watu walikasirika. Mwezi uliofuata sheria ikapitishwa kusema ni makosa makubwa ya aina saba tu yatakayoruhusiwa. Labda hata sisi tungependa muuaji akamatwe. Lakini ahadi ilikuwa moja na matumizi yakawa mawili, na mtu akiona hivyo mara moja, mara ya pili hatakuamini hata ukisema kweli.

Na sisi je?

Ni rahisi kuongea juu ya Korea. Hebu tuongee juu yetu.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi wa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa hadi mwezi wa Julai. Mnakumbuka hofu iliyokuwako. Sisi wa ofisi ya maendeleo, kwa nia njema kabisa, tuliona tusaidie. Tulifungua orodha ya watu waliofika kijijini kutoka Nairobi na Mombasa: jina, nyumba, siku ya kufika. Kisha tukaiweka kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa jumuiya ili watu "wajihadhari". Baada ya siku mbili orodha ilikuwa sokoni. Baada ya wiki, mtoto wa mmoja wa watu walioandikwa alikatazwa kuchota maji kisimani.

Wakati huo huo mama mmoja wa parokia hii, anayefanya kazi za nyumba Nairobi, alifiwa na shemeji yake. Alisikia juu ya orodha. Alisikia pia maneno ya mitaani ya kwamba serikali inafuata watu kwa simu. Basi alifanya nini? Alimwachia jirani yake simu, akaiacha imewashwa, akapanda lori la mboga usiku, akapita njia za panya na kufika nyumbani alfajiri. Kwa mnara wa simu, yeye alikuwa bado Nairobi amelala. Kwa kweli alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake, anakohoa.

Hakumwambia mtu. Hakwenda dispensari. Mama mkwe akaanza kuugua, naye hakupelekwa, kwa sababu akipelekwa wataulizwa nani amekuja nyumbani. Alifariki baada ya wiki tatu. Hakupimwa, kwa hiyo hatuwezi kusema ni Korona iliyomwua. Tunaweza kusema tu ya kwamba hakupata matibabu, na sababu mojawapo ilikuwa orodha yetu.

Miezi mingi baadaye tulikwenda kumwona yule mama, kumwomba msamaha. Alitukaribisha chai. Alisema, "Niliogopa simu itanitaja. Na ninyi pia mlikuwa mnataja watu." Tulinyamaza. Hatukuwa na la kujibu. Ametupa ruhusa kusimulia haya hapa, bila jina lake.

KUAMUA

Tumeona ya kutosha. Sasa tupime. Tuna mambo manne.

Kwanza, kuhesabu umati na kumsaka mtu ni kazi mbili tofauti. Wale wa malaria walihesabu umati. Orodha yetu ilisaka mtu. Ya kwanza ilionyesha neti ziende wapi. Ya pili ilimfanya mtu ajifiche. Ugonjwa husafiri na mtu, siyo na simu. Mtu akiiogopa simu yake, ataiacha nyumbani, na ugonjwa atasafiri nao vile vile. Hapo ramani itakuwa imepotea na imani imepotea pamoja nayo.

Pili, kufuta jina hakutoshi. Mwaka wa 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha utafiti juu ya kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 zilizokusanywa kwa miezi 15, bila majina. Waligundua ya kwamba kujua mahali na saa nne tu kunatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa watu 95 katika kila 100. Msishangae. Fikirini juu ya mtu wa hapa: analala kando ya mto, anafungua kibanda sokoni saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano moja kila mwezi yuko kliniki ya dawa za Ukimwi, Jumapili yuko kigangoni. Hatujataja jina. Je, kijiji hakimjui? Sasa mumewe akijua kwa njia hiyo, mama huyo atalala wapi usiku?

Tatu, asiye na simu hayumo kwenye ramani. Hapa tunarudi kwa mama yetu wa pale nyuma. Simu yake imeenda Kisumu na kijana. Kwa hiyo, leo kwa hesabu ya mnara, mama yuko Kisumu, na sisi tunamwona hapa! Tusicheke tu. Wataalamu wenyewe walichunguza jambo hili hapa Kenya, wakaona ya kwamba wenye simu zao wenyewe walikuwa zaidi wanaume, watu waliosoma na watu wa mjini, na ya kwamba huku mashambani simu moja hutumiwa na wengi. Na malaria inaua nani zaidi? Watoto wadogo. Inahatarisha nani? Akina mama wajawazito. Mtoto wa miaka miwili hana laini. Tukiigawa dawa kwa ramani ya simu peke yake, tutampa aliyeonekana na kumnyima anayekufa.

Nne, simu haioni ugonjwa wenyewe. Inaona safari. Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, kuanzia 2014 hadi 2016, iliua watu zaidi ya 11,300. Ilipita hasa kwa kumgusa mgonjwa, kumwuguza, na kumwosha maiti. Mnara unaweza kukwambia watu 60 wamekusanyika mahali. Hauwezi kukwambia ni nani aliyemwosha marehemu. Hilo utaambiwa na wafiwa, na watakwambia tu kama wanakuamini.

Kwa hiyo uamuzi wetu ni upi? Hatusemi habari hizi za simu ni mbaya. Mtu akituambia leo ya kwamba kumbukumbu za safari zitasaidia kufikisha neti huku ziwani kabla ya mvua ndefu, tutasema karibu. Tunasema hivi: zinafaa zikiwa taa ya kumulika njia. Zikiwa kamba ya kumfunga mgonjwa, wagonjwa watakimbia, na wote tutapata hasara.

KUTENDA

Semina bila kazi ya kufanya ni soga. Tunapendekeza haya.

1. Tuulize maswali matatu kabla ya kubonyeza "kubali". Nani anachukua habari zangu? Kwa kazi gani, na hadi lini? Faida itarudi kwa nani? Mwenye kuomba akishindwa kujibu hata moja, tusimpe. Kwenye simu ya kupangusa tunaweza kuingia mahali pa mipangilio na kuzuia programu isijue tulipo, au kuiruhusu wakati tunapoitumia tu. Vijana, hii ni kazi yenu: kila mmoja awaonyeshe wazee watatu kabla ya mwezi kwisha.

2. Tuijue sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda mambo ya mtu ya faragha. Tena kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Sheria hiyo inahesabu habari za afya kuwa ni habari nyeti. Inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, haki ya kuziona, na haki ya kutaka zenye makosa zirekebishwe. Kuna na ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamiko. Mwananchi halazimiki kuwa na wakili ndipo alalamike.

3. Wahudumu wa afya, hili ni lenu. Tangu Septemba 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 nchini walianza kupewa mikoba ya kazi na simu za kuandika habari za nyumba kwa nyumba. Simu hiyo siyo ya kuonyesha wageni. Mtoto asiichezee. Msipige picha ya kioo na kuituma kwa rafiki, hata kwa kuomba ushauri, kama jina la mgonjwa linaonekana. Mkifika kwa mtu, mwelezeni kwanza mnachoandika na kitakakokwenda. Dakika mbili za kueleza zinajenga imani ya miaka miwili.

4. Jumuiya zisiandike tena orodha za wagonjwa wala za waliotoka safari. Orodha yetu ya 2020 tuliichoma, lakini maneno hayachomeki. Badala yake, kila jumuiya ichague watu wawili wanaoaminika, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Mgeni akifika kutoka mahali penye ugonjwa, hao wawili ndio watakaomtembelea, wamweleze dalili, wamtafutie usafiri akizidiwa, na kumwachia chakula mlangoni akihitaji kujitenga. Wakitoka hapo, midomo ifungwe.

5. Tutoe habari kwa hiari. Njia ya kujua mtu ametoka wapi ilikuwako kabla ya minara: ni kumwuliza, naye ajibu bila hofu. Ukiwa na homa, mwambie muuguzi ulikolala wiki mbili au tatu zilizopita. Ukienda Nairobi baada ya matanga na ukaugua, sema, "Nimetoka upande wa ziwa, nipimeni malaria." Na sisi tunaopokea wageni wa matanga, tusiwaache walale nje bila neti. Tunawapikia vizuri na kuwasindikiza vizuri, kisha tunawapa malaria waende nayo.

Ndugu zetu, turudishe sasa simu mifukoni. Hatutaki mtoke hapa mkiziogopa. Zimetuletea karo ya watoto, habari za wagonjwa, na sauti za jamaa walio mbali. Siku moja zinaweza kusaidia kumaliza malaria hapa ziwani, nasi tutafurahi kuhesabiwa. Lakini mnara hautamwekea mgonjwa uji mlangoni. Tukifanya mtu aogope kutajwa, hata mashine ya namna gani haitampata. Tukifanya mtu ajue ya kwamba akisema "ninaumwa" atapata jirani na siyo hakimu, atakuja mwenyewe, kwa miguu yake, bila kutafutwa.

Yule mama wa lori la mboga sasa amerudi kukaa nyumbani. Jumuiya yake imemchagua kuwa mmoja wa wale wawili. Amekubali. Tulipomwuliza kwa nini, alisema yeye anajua jinsi mtu anavyojificha, kwa hiyo atajua pa kumtafuta.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Mwaka wa 2020, sisi katika jumuiya yetu tuliwatendeaje watu waliotoka mijini? Kuna mtu ambaye tungepaswa kumwomba msamaha?

2. Katika nyumba zetu, nani ana simu na nani hana? Wataalamu wakitumia simu kupanga huduma za afya, nani atasahauliwa?

3. Kama ofisa wa afya angekuja kesho kuomba habari za safari zetu ili kuzuia kipindupindu, tungemwuliza nini kabla ya kukubali?

4. Ni watu gani wawili katika jumuiya yetu ambao mgonjwa angeweza kuwaambia siri yake? Wakikosekana, tufanye nini ili wapatikane?